Siku moja Vienna na babu mpiga fidla na watoto wawili: tukate nini?

Binti_Pangani:
Habari zenu wadau. Tunaishi Munich, na baba mkwe yupo kwetu tangu mwezi wa nne, katokea Tanga. Likizo ya Pentekoste tunampeleka Vienna, Austria. Treni ni mwendo wa kama saa nne, tutalala huko siku mbili, ila siku kamili ya kutembea ni moja tu, Jumamosi.

Mzee ujanani alipiga fidla kwenye taarabu. Hata leo ukimwekea wimbo atakwambia fidla ya pili imechelewa kuingia. Ila magoti yake hayataki tena ngazi. Watoto wana miaka tisa na minne. Mume wangu kaandika orodha: kasri la Schönbrunn, bustani ya wanyama, kanisa kuu la Stephansdom, nyumba ya mtunzi Mozart, gurudumu la kupanda kwenye uwanja wa michezo wa Prater, makaburi ya watunzi akina Beethoven, usiku opera (mchezo wa kuigiza kwa kuimba). Mimi kuisoma tu nimechoka. Tukate nini?

Mzee wa Tramu:
Dada, hiyo orodha ni ya wiki nzima. Makaburi yako mbali, kwa tramu ya 71. Stephansdom ingieni ndani, lakini mnara wa kusini una ngazi 343, msimpandishe mzee. Akitaka kuona mji kutoka juu, mnara wa kaskazini una lifti.

Mimi ningeanzia bustani ya Stadtpark asubuhi. Pale kuna sanamu ya mtunzi Johann Strauss, inang'aa dhahabu, fidla begani. Haina kiingilio. Mpigeni picha mzee pembeni yake. Kutoka hapo nendeni taratibu hadi Haus der Musik, makumbusho ya muziki, mtaa wa Seilerstätte. Kuna ngazi zinazolia kama piano ukizikanyaga, wanao hawatataka kuondoka. Ndani unapewa kijiti unaongoza okestra ya Vienna Philharmonic kwenye skrini: ukiharakisha nao wanaharakisha, ukiboronga wanaacha kupiga na kukusema. Kwa mtu anayesikia fidla ya pili imechelewa, hapo ndipo kwake.

Chumvi Kidogo:
Yaani mtu atoke Tanga asione Schönbrunn? Bustani ya wanyama ile ni ya 1752, hakuna kongwe zaidi duniani inayoendelea kufanya kazi.

Mzee wa Tramu:
Ndiyo, na itawala siku nzima. Na tiketi ya kasri ina saa yake ya kuingia, jaribu kuiwahi na mtoto wa miaka minne. Wakitaka, wapite jioni kwenye bustani ya maua, ile ni bure.

Shangazi Salzburg:
Nyumba ya Mozart, Domgasse 5, alikaa 1784 hadi 1787. Mimi niliipenda, lakini samani zake hazimo, watoto wataona vyumba na maandishi tu. Mdogo wangu alinunua tiketi mtaani kwa kijana aliyevaa wigi na koti jekundu, akidhani ni ya opera. Kumbe ni konsati ya watalii ukumbi mwingine kabisa, na bei ilimtoa jasho.

Opera mnaweza kuiona bure. Mwezi wa sita baadhi ya maonyesho hurushwa moja kwa moja kwenye skrini kubwa uwanjani, ubavuni mwa jengo la Opera. Viti vipo, mtoto akilia mnaondoka. Tazameni ratiba kwanza.

Chakula: kama hamli nguruwe, ulizeni. "Wiener Schnitzel" (nyama iliyopakwa chenga za mkate na kukaangwa) ni ya ndama, lakini wengi wanauza ya nguruwe kwa jina linalofanana, na mafuta ya kukaangia nayo uliza. Soko la Naschmarkt mtapata falafeli (vidonge vya dengu vya kukaanga). Chupa za maji jazeni bombani, maji yanatoka milimani.

Binti_Pangani:
Asanteni sana. Nimemsomea mume, kanuna kuhusu Schönbrunn, ila Prater kakubali iwe jioni kama watoto bado wana nguvu. Mzee yeye kauliza jambo moja tu: huyo Strauss kwenye sanamu, upinde kaushika vizuri?

Mzee wa Tramu:
Hilo aje aamue mwenyewe 😂