Mada: Tiketi ya wizi dukani, miaka 19, grinikadi na kazi ya CNA (Dallas)

Kutoka: Mama Mdogo, Dallas

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za humu. Naomba msaada wa haraka. Binti wa dada yangu, miaka 19, Jumamosi alisimamishwa mlangoni na askari wa duka. Vipodozi na fulana moja, jumla dola 86, vilipita kwenye mashine ya kujilipia bila kusomwa. Wakamwingiza ofisi ya nyuma, wakampa karatasi asaini, kisha polisi akaja akamwandikia tiketi: wizi chini ya dola 100, daraja C (daraja la faini tu), afike korti ya manispaa kabla ya tarehe 21. Hakupelekwa jela wala hakuchukuliwa alama za vidole. Ana grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), aliingia 2023. Ni CNA (msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee, na anasubiri jibu la chuo cha unesi. Tovuti ya korti inamruhusu kulipa faini kwa kadi hata leo yakaisha. Swali langu ni moja tu: amwambie bosi wake sasa hivi, au asubiri korti?

Kutoka: Kaka Mkubwa, Houston

Dada, pole sana, lakini kwanza kabisa ASILIPE. Hii si tiketi ya mwendo kasi. Kwa sheria ya Texas, ukituma pesa ya faini umehesabiwa kwamba hukupinga shtaka, na korti inakuandikia hatia ya wizi. Dakika tano za simu zinamwachia rekodi ambayo wakili atahangaika nayo mwaka mzima.

Afanye hivi. Kabla ya tarehe 21 aandike kwamba anakana shtaka na anaomba kikao na mwendesha mashtaka wa mji. Aipeleke mwenyewe dirishani, agongewe muhuri kwenye nakala yake, na nakala hiyo asiipoteze. Kukana shtaka si kusema uongo, ni kuidai serikali ithibitishe, na bila hatua hiyo hakuna mazungumzo yoyote. Kitu cha kutafuta kwenye kikao ni kesi itupwe, au apewe masharti (darasa, saa za kujitolea) BILA kukiri kitu mbele ya hakimu. Akikosa kufika, hati ya kukamatwa inatoka na leseni yake ya udereva inaweza kuzuiwa isihuishwe.

Kutoka: Baba Wawili, Minneapolis

Mbona mnamtisha mama wa watu? Akubali tu ule mpango wa kuahirishiwa hukumu. Atalipa kidogo, atakaa miezi mitatu bila kosa jingine, kesi inatupwa. Vijana wengi wanapita hapo na maisha yanaendelea.

Kutoka: Kaka Mkubwa, Houston

Baba Wawili, kwa heshima zote, huo ndio mtego wenyewe. Texas, ili hakimu akupe huo mpango wa daraja C, lazima kwanza ukiri au useme hupingi. Kwa mzaliwa wa hapa ni nafuu kubwa. Kwa mtu wa grinikadi, Uhamiaji hawaangalii korti ya mji iliandika nini mwishoni. Wanauliza mambo mawili: ulikiri au ulisema hupingi? Na je, hakimu alikupa adhabu au sharti lolote? Yakitimia yote mawili, kwao una hatia hata kama kesi ilitupwa baadaye. Ni INA (sheria ya uhamiaji) kifungu 101(a)(48), someni wenyewe.

Kutoka: Baba Wawili, Minneapolis

Sawa, nimekuelewa. Huku Minnesota nako kuna aina mbili na watu wanazichanganya kila siku: moja kesi inasimamishwa bila kukiri, nyingine unakiri halafu hakimu anashikilia hukumu. Ya kwanza ndiyo salama kwa makaratasi. Ila CNA wa huku ana mzigo mwingine, uchunguzi wa DHS (idara ya huduma za jamii ya jimbo). Wizi mdogo unakufungia kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee kwa miaka saba, na DHS wanaweza kukufungia hata bila hatia ya korti wakiona ushahidi unatosha. Ukipata barua yao, una siku 30 tu za kuomba wafikirie upya. Wengi wanaiacha barua mezani wakidhani ni ya bima.

Kutoka: Nesi wa Usiku, Irving

Ya DHS ni ya Minnesota, tusimchanganye mama. Texas nyumba ya wazee inaangalia rekodi za DPS (idara ya usalama wa umma ya jimbo), na faili la DPS kwa kawaida linajaa kuanzia daraja B kwenda juu, mtu akishachukuliwa alama za vidole. Tiketi ya daraja C isiyo na alama za vidole mara nyingi haifiki huko. Lakini msilale. Kampuni binafsi za uchunguzi zinachota rekodi moja kwa moja kutoka korti za miji, na huko jina lake, tarehe ya kuzaliwa na neno “wizi” vipo tangu siku tiketi ilipoingizwa kwenye kompyuta. Kesi ikitupwa, rekodi haifutiki yenyewe. Inabidi afungue ombi la kuifuta, na amri ikishatoka ifikishwe kila ofisi yenye nakala.

Bosi akitaka kumfukuza au kumnyima kazi kwa sababu ya ripoti ya kampuni ya namna hiyo, sheria ya shirikisho inamtaka ampe kwanza nakala ya ripoti pamoja na maelezo ya haki zake, kabla ya uamuzi. Ripoti ikiwa na kosa, mfano inaonyesha hatia wakati kesi ilitupwa, alalamike kwa kampuni hiyo kwa maandishi. Wana siku 30 za kuchunguza.

Unesi ndio unanitia wasiwasi zaidi. Bodi ya Manesi ya Texas inauliza kuhusu kukamatwa, kushtakiwa na kuhukumiwa, na makosa ya barabarani ya daraja C ndiyo yanayoruhusiwa kuachwa. Wizi wa daraja C si wa barabarani. Kuna ombi maalumu la kuiuliza Bodi mapema kama atakubalika, na linaweza kupelekwa hata kabla hajaanza chuo. Bodi inavumilia kosa moja la ujana lililoelezwa vizuri kuliko inavyovumilia kosa lililofichwa. Kwenye fomu yoyote ya kazi au chuo asome swali neno kwa neno: “umewahi kuhukumiwa” si sawa na “umewahi kushtakiwa”. Ajibu lililoulizwa, kwa ukweli, na asiongeze neno.

Kutoka: Mtu wa Makaratasi, Fort Worth

Nimesoma yote, ngoja niweke sawa upande wa Uhamiaji, maana hofu nayo inafanya watu wakimbilie kulipa.

Wizi kwa kawaida unahesabiwa CIMT, yaani kosa la kukosa uadilifu. Lakini CIMT moja haimfukuzi mtu nchini hivi hivi. Kwa mwenye grinikadi, moja inamfukuzisha ikiwa kosa lilifanyika ndani ya miaka mitano tangu aingie NA sheria inaruhusu kifungo cha mwaka mmoja au zaidi. Daraja C ni faini tu, isiyozidi dola 500. Daraja B, dola 100 hadi chini ya 750, mwisho siku 180. Daraja A, dola 750 hadi chini ya 2,500, mwisho mwaka mmoja kamili, na hapo ndipo mtu anaingia kwenye hatari ya kufukuzwa. Kwa hiyo thamani iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya kulinda kwa meno. Aangalie risiti na picha za bidhaa, ahakikishe dola 86 haijapanda njiani.

Kuna pia msamaha wa kosa dogo: CIMT moja tu maishani, adhabu ya juu isizidi mwaka, na aliyohukumiwa isizidi miezi sita. Huu unamwokoa akisafiri na kurudi, na unamwokoa kwenye N-400 (ombi la uraia). Lakini unatumika MARA MOJA. Akipata hatia ya pili ya CIMT, hata ya faini ya dola 50, hata baada ya miaka ishirini, anaweza kufukuzwa nchini. Ndiyo maana hatutaki hatia hii ya kwanza iandikwe kabisa.

N-400 anaruhusiwa kutuma siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano. Huko ataulizwa kama amewahi kukamatwa, kupewa tiketi au kushtakiwa, hata kama rekodi ilifutwa. Ajibu ndiyo. Kabla hajafuta rekodi achukue korti nakala tatu zenye muhuri zinazoonyesha kesi iliishaje, kwa sababu ikishafutwa korti haina cha kumpa, na ofisa wa USCIS (idara ya uraia na uhamiaji) bado atakitaka. Kama bado ana masharti ya uangalizi siku ya N-400, hawataipitisha. Na asisafiri nje ya nchi kesi ikiwa wazi.

Kutoka: Babu wa Tanga, Wichita

Wanangu, nasoma haya nasikitika. Nyumbani mwenye duka angemwita mzazi, vitu vikalipwa, mtoto akaonywa, basi. Huku binti wa miaka 19 anabeba jambo hilo mpaka uzeeni.

Kutoka: Nesi wa Usiku, Irving

Shikamoo Babu. Nyumbani pia kuna vijana waliopigwa na umati kwa kitu kidogo kuliko fulana, na Kenya hukumu ya wizi inaonekana kwenye cheti cha tabia njema unachodaiwa kwenye kazi nyingi. Tusijidanganye sana.

Kutoka: Babu wa Tanga, Wichita

Marahaba mwanangu. Hilo la umati ni kweli, sikatai. Nilikuwa nawaza wazee wa mtaa waliokuwa wanakaa na mtoto.

Kutoka: Baba Wawili, Minneapolis

Mtu wa Makaratasi, hukusema kitu kuhusu sheria ya Laken Riley ya Januari 2025. Siku hizi ukishtakiwa tu kwa wizi wa dukani ICE (askari wa Uhamiaji) wanakuchukua, hakuna dhamana. Serikali hii haina huruma.

Kutoka: Mtu wa Makaratasi, Fort Worth

Sikuisema kwa sababu haimgusi mwenye grinikadi aliyeingia kihalali. Inawagusa walioingia bila kukaguliwa mpakani, waliopata kibali kwa udanganyifu, na waliofika bila hati halali. Kwa hao ni kweli, kukamatwa au kushtakiwa tu kwa wizi wa dukani kunatosha kushikiliwa, hata kabla korti haijaamua lolote. Kama kuna kijana wa hali hiyo kwenye nyumba yenu, mwambieni leo. Na wa F-1 (viza ya wanafunzi) nao wana lao: viza inaweza kufutwa kwa kukamatwa tu, bila hatia.

Kutoka: Mama Mdogo, Dallas

Asanteni sana, Mungu awabariki. Hajalipa, na hatalipa. Sasa leo imekuja barua ya wakili wa duka, wanadai dola 250 ndani ya siku 20. Korti nayo imesema kesi ya faini tu haina wakili wa kupewa bure. Na bado naomba jibu, kazini aseme au asiseme? Zamu yake ni Alhamisi.

Kutoka: Kaka Mkubwa, Houston

Hiyo barua ni dai la madeni, haihusiani na tiketi. Kuilipa hakuifuti kesi ya korti, na kutoilipa hakuiongezi. Sheria ya Texas inaruhusu duka kudai hasara yake halisi na hadi dola 1,000 juu yake, lakini wakienda kushtaki, anayeshindwa analipa gharama za wakili wa mwenzake, na vitu walivirudisha rafuni vikiwa vizima. Msiwajibu kwa simu. Msiandike “samahani” popote. Mpelekeeni wakili.

Kuhusu wakili wa bure ni kweli, faini tu hawakupi. Tafuteni wakili wa jinai anayefika korti hiyo hiyo ya manispaa kila wiki, na kabla ya kumlipa mwulizeni swali moja: “mteja ana grinikadi, unaweza kufanya kesi itupwe bila yeye kukiri?” Akijibu kwamba ikitupwa imekwisha, shukuruni mwondoke. Kama Kiingereza cha binti kinayumba akiwa na woga, ombeni mkalimani wa Kiswahili kwa maandishi mapema, msisubiri siku ya kikao.

Na ile karatasi aliyosaini ofisi ya nyuma: mlipewa nakala? Imeandikwa amekiri, au imeandikwa tu asirudi dukani hapo?