Naomba ushauri: nina diploma ya uuguzi, niende digrii au nibaki kazini?

Sista_Moro: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni afisa muuguzi msaidizi, kituo cha afya cha serikali huku Morogoro, nimeshathibitishwa kazini. Usiku tunakuwa wawili: mmoja leba, mwingine wodi zilizobaki. Kuna mwenzetu kaletwa mwaka jana na digrii yake. Zamu tunapangwa sawa, patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua) tunajaza ileile, mshahara kanizidi. Natamani nikasome, ila mume wangu anasema miaka minne ni mingi na watoto bado wadogo. Hivi inalipa kweli?

Mzee wa Ikama: Mdogo wangu, inalipa, ila siyo siku unayovaa joho. Kwenye ngazi za mshahara za watumishi wa afya serikalini (TGHS), diploma unaanzia TGHS B, digrii TGHS C, iliyo juu yake. Sasa serikali hailipi cheti, inalipa muundo, yaani kada na daraja ulilopo. Ukimaliza unaomba kubadilishiwa kada, na hapo mpaka nafasi iwepo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti. Kuna watu wana digrii zao kabatini na bado wanalipwa kama wasaidizi. Halafu usichelewe: ukishapanda madaraja kwa diploma, digrii inakurudisha daraja la pili, unaishia kubaki na mshahara binafsi, yaani ule wa zamani unaobaki nao wewe tu, huku wadogo zako wanakupita.

Kichwa Ngumu: Sista, hiyo ada fungulia duka la dawa muhimu. Hutanishukuru leo.

Mama Wawili: @Kichwa Ngumu acha utani, mwenzio yuko siriasi. Dada, mimi nilisoma nikiwa na mtoto wa kunyonya, mama yangu ndiye aliyenishikia nyumba. Bila digrii masters huigusi, na Muhimbili wanayo ya wagonjwa mahututi na ya ukunga. Tena siyo pesa tu. Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Lancet mwaka 2014, nchi 9 za Ulaya: manesi wenye digrii wakiongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapungua kwa asilimia 7.

Mzee wa Ikama: Malizia basi. Utafiti huohuo ulisema nesi akiongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano huo unapanda kwa asilimia 7. Watu wawili kituo kizima usiku, digrii itawasaidia nini hapo?

Mama Wawili: Kwa hiyo asisome mpaka serikali iajiri? Kaka, tutazeeka.

Sista_Moro: Asanteni. GPA yangu ni 3.4, itatosha?

Mama Wawili: TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanaanzia 3.0, ila ushindani upo, kwa hiyo usiombe chuo kimoja. Angalia na masomo yako ya sayansi ya kidato cha nne.

Mzee wa Ikama: Kabla ya chuo, hakikisha jina lako limeingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na ruhusa uwe nayo kwa maandishi. "Nenda tu, tutaongea" ya bosi usiipokee. Bosi akihamishwa, wewe ni mtoro.