Kufunga flai za maji chumvi: inalipa kweli ama nibaki na za trauti?

mfungaji_wa_Ruiru:
Habari zenu wadau. Mimi nafunga flai za trauti, yaani chambo bandia za manyoya na nywele zinazofungwa kwa uzi kwenye ndoano, kazi ya kulipwa kwa dazeni, zile ndogo za ndoano namba 14 na 16 mpaka jioni macho yanawasha. Sasa nataka kujitegemea na naona pesa iko kwa flai za bahari, maana ukiangalia maduka ya nje mtandaoni flai moja ya kolekole mkubwa, wale wanaitwa GT, inauzwa dola 10 na kupanda, na ya trauti ni dola 2 ama 3 hivi. Vaisi ya kubana ndoano ninayo, uzi na bobini ninazo. Shida sijui nianze na flai gani na nimuuzie nani, huyu ananiambia Shelisheli, huyu Watamu, mwingine anasema niende Marekani moja kwa moja. Pia kuna jamaa Laikipia ako na manyoya mengi ya kanga wa porini, anasema niyachukue hata bure, nichukue?

mzee_wa_vaisi:
Karibu kijana. Kwanza hiyo dola 10 usiihesabu kama yako, hiyo ni ya duka, na kati yako na duka kuna mwagizaji na ushuru na usafiri, kila mmoja akimega chake wewe unabaki na kipande.

Pili, ndoano. Kwa trauti ndoano ni kitu kidogo tu, kazi ni mikono yako. Kwa bahari mambo yamegeuka, ndoano ndiyo inakula pesa kuliko vitu vingine vyote, na mteja wa maana atakuuliza ndoano kabla hajaangalia rangi. Mustad 34007 ni ya zamani, chuma kisichoshika kutu haraka, inatosha kwa samaki wengi wa kawaida. Kwa kolekole mkubwa wanataka Gamakatsu SL12S ama kitu cha nguvu hiyo, saizi 6/0 kwenda juu, kwa sababu yule samaki anapita kilo 30 na akishika njia ya kwenda matumbaweni ndoano laini inanyooka kama waya wa kuanikia nguo. Kuna za bei poa ukiziona utasema ni zile zile. Bana moja kwenye vaisi, shika ncha na koleo uvute, utajua unanunua nini. Mteja amesafiri nchi tatu kumtafuta huyo samaki, ndoano yako isijaribiwe siku hiyo.

Flai ya kuanza nayo ni Clouser, wala usisumbuke na nyingine mpaka hiyo ikae sawa. Ilianzia mto Susquehanna huko Pennsylvania, Bob Clouser akifungia samaki wa maji baridi, leo ukienda bahari yoyote utaikuta. Siri yake ni yale macho mazito ya chuma, unayafunga juu ya mti wa ndoano, sio chini, kwa hiyo ikiingia majini inapinduka na ncha inaangalia juu. Ndio maana hainasi sana kwenye mawe. Macho yafunge kwa msalaba, uzi uvute mpaka karibu ukatike, halafu tone la supaglu, kwa sababu yakianza kuzunguka hiyo flai imekufa na mteja hatarudi.

Nywele ni za mkia wa paa wa Marekani, zinaitwa baktel, zinakuja zikiwa zimetiwa rangi tayari. Zile za karibu na shina la mkia zina uwazi ndani, ukikaza uzi zinasimama na kutawanyika, sasa kwa Clouser chukua za kuelekea ncha. Na weka chache. Sisi tuliotoka kwa dazeni za trauti tunapenda flai ijae ipendeze, lakini hii ukiona imependeza punguza nusu.

Nyoya_Trading:
Hiyo ya kanga, kaka, tafadhali usiguse. Manyoya ya ndege wa porini ni mali ya wanyamapori, sheria ya 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hata kwa kukaa nayo, na bure ya Laikipia inaweza kukugharimu kuliko biashara nzima. Mnakumbuka ile homa ya kufuga kware, watu walinunua ndege kwanza halafu ndio wakasikia kuna laiseni? Sasa ongeza na forodha ya Marekani, wale wakiona nyoya la mnyama wa porini wanataka karatasi, hakuna karatasi mzigo unakaa.

Manyoya ya jogoo wa kienyeji hayana stori, nenda soko la kuku uongee na wanaochinja, chukua yale marefu ya mgongoni, osha na sabuni, kausha kivulini, tia rangi mwenyewe. Hayo ndiyo mkia wa Deceiver, ile flai ya Lefty Kreh mpaka Posta ya Marekani iliiweka kwenye stempu 1991. Nywele ya mbuzi pia inafaa sana kwa flai ndefu na sisi mbuzi hatujakosa.

Kuhusu kuuza Marekani moja kwa moja, jua kuna kodi ya asilimia 10 ya vifaa vya uvuvi ambayo mwagizaji analipa juu ya ushuru wa kawaida, kwa hiyo akikubana bei si kwamba ni mbaya. Na usichukue flai mpya ya mtu mwenye jina uanze kuiuza kwa jina lake, kampuni kubwa huwa zinawalipa wabunifu kitu kwa kila flai na zinafuatilia. Clouser na Deceiver kila mtu anafunga.

dekini_Watamu:
Wallahi mie nashangaa mwataka kwenda Marekani na hapa Pwani wageni wanaishiwa flai. Mie nafanya kazi ya boti, nikwambie inavyokuwa. Sulisuli hatumtupii hivi hivi, twavuta nyuma ya boti tiza, chambo bandia isokuwa na ndoano, akija juu amekasirika nahodha atoa gia, tiza yavutwa haraka na mgeni atupa flai pale pale. Kwa hiyo flai yatakiwa kubwa, nyeupe na waridi, ina kichwa cha foamu kipige kelele majini. Wengine wataka ndoano mbili, na wanaofukuzia rekodi za IGFA, chama cha kimataifa cha rekodi za uvuvi, watakupimia, matundu ya ndoano yasizidi sentimita 15 kati yake na ya nyuma isitokeze nje ya manyoya. Mfungaji asiyejua hilo atamharibia mtu rekodi.

Lakini sulisuli siye anayemaliza flai za mgeni. Anayezimaliza ni nguru na mzia, meno yale yakipita mara moja waletewa uzi mtupu. Mgeni aja na kisanduku kizuri, siku ya tatu ameanza kuulizia. Hapo ndipo pako wewe ndugu yangu. Funga zako kabla ya kaskazi kuanza, tuma kwa watu wa maboti, wala usitie manyoya ya ghali kwenye flai ya mzia, nyuzi za plastiki zatosha, yeye hajali.

mfungaji_wa_Ruiru:
Asanteni sana, kanga nimeacha kabisa. Moja la mwisho, kichwa nimalizie na epoksi ya kuchanganya ama ile gundi ya kukaushwa na tochi ya UV?

mzee_wa_vaisi:
Ya UV, kama mfuko unaruhusu. Epoksi ni bei nafuu lakini lazima uizungushe mpaka ishike la sivyo inateremka upande mmoja, na baada ya muda inageuka manjano, flai nyeupe inaonekana ya zamani. Ya UV unaipaka, unairekebisha polepole, ukiridhika unawasha tochi sekunde chache. Usifanyie kazi dirishani tu, jua litaikausha ukiwa bado unapaka. Na dazeni ya kwanza ya Clouser ipange kwenye karatasi nyeupe kabla ya kumtumia huyo wa Watamu, kama moja ni ndefu kuliko zingine ifungue uanze upya.

dekini_Watamu:
Nitumie ya waridi na nyeupe, na ya chati, ile rangi ya kijani-manjano, na nyeupe. Saizi 2/0.