Kulea wadogo zako kunakuandaa kiasi gani kuwa mzazi?

NyotaKigamboni
Habari za leo wadau. Nina ujauzito wa wiki 31, wa kwanza. Nimelea wadogo zangu, ila mume wangu ni kitinda mimba, hajawahi hata kushika mtoto mchanga. Ndugu wanasema mimi nimeshafuzu, nimfundishe mwenzangu tu. Naomba mnaojua mniambie: uzoefu huo unasaidia wapi hasa, na wapi naanza upya? Na yeye aanzie wapi?

MuuguziTabata
Hongera dada. Uzoefu unakupa mikono. Aliyezoea watoto anaweka kiganja nyuma ya shingo bila kufikiri, na habadiliki rangi mtoto akilia. Si haba.

Ila jiulize uliwapokea wakiwa na umri gani. Wengi hukabidhiwa mdogo wao akiwa na miezi sita, shingo imekaza, anakula uji. Mchanga ni habari nyingine: ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Na kunyonyesha hakuna mdogo wako aliyekufundisha. Chuchu zikipasuka, mara nyingi ni kwa sababu mtoto ameshika ncha tu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, subiri aachame kabisa, ndipo umsogeze yeye kwenye titi. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu kuliko chini. Maumivu yakiendelea, ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake aachie, uanze tena. Usimvute.

Halafu uzoefu wa nyumbani huja na mazoea yake, na mengine inabidi uyaache. Kumpa maji kwa sababu Dar kuna joto: hapana. Mpaka miezi 6 maziwa ya mama yanatosha. Maji yanajaza tumbo, ananyonya kidogo, na yakiwa machafu anaharisha. Majivu au mafuta kwenye kitovu: hapana. Kiache kikavu, nepi ikunjwe chini yake.

BabaWawili_Kimara
Kuhusu shemeji: kumpakata mtoto wa jirani sebuleni kisha akilia unamrudisha kwa mama yake, hayo si mazoezi. Aombe kukaa na mtoto mdogo wa ndugu nusu siku nzima, ambadilishe, ambembeleze mpaka alale. Aanze sasa hivi, maana likizo ya baba kisheria ni angalau siku 3 tu. Zinaisha kabla hajajua nepi inaanzia wapi.

Kuogesha ndiko kunakotisha. Taulo, nepi na nguo viwe karibu kabla hajavuliwa. Beseni liwekwe maji ya baridi kwanza, ndipo ya moto, kina cha vidole vinne, apime kwa kiwiko. Mkono wa kushoto upite nyuma ya shingo na vidole vishike kwapa la upande wa pili, hapo hata akiteleza hatoki. Uso bila sabuni. Akazanie mikunjo ya shingo: maziwa hukwama pale, ngozi ikachubuka na kunuka. Dakika tano zinatosha. Kitovu kikiwa hakijadondoka, kumfuta kwa kitambaa kunatosha.

MleziMbezi
Niongeze moja. Uzoefu wako unaweza kumfungia mlango mumeo. Ukimpokonya mtoto kila nepi inapokaa upande, baada ya mwezi atakuwa mgeni kwa mwanawe. Mpe kazi yake tangu siku ya kwanza, mfano kumcheulisha na kumbadilisha usiku, na usiingilie ila kukiwa na hatari.

Na kilio. Mtoto wa miaka miwili analia unajua kisa. Mchanga kilio chake huongezeka kuanzia wiki ya 2, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Angalieni njaa, nepi, joto, gesi, usingizi. Kama yote sawa na bado analia na umechoka, mlaze chali mahali salama, toka dakika chache utulie. Kamwe usimtikise, ubongo wake unaweza kuvuja damu.

NyotaKigamboni
Asanteni sana. Mama mkwe anatoka Moshi kuja kukaa nasi, na kwake mtoto lazima sweta, soksi na blanketi. Nafanyaje?

MuuguziTabata
Saa za mwanzo baada ya kuzaliwa yuko sahihi: mtoto afunikwe kichwa, alazwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi. Baada ya hapo, kwa joto la Dar, nguo moja nyepesi ya pamba na khanga vinatosha mchana. Aguse kifua au nyuma ya shingo. Viganja vya mchanga huwa vya baridi hata akiwa mzima. Shingo ina jasho? Punguza nguo.

Mtoto aliyefunikwa kupita kiasi hupanda joto, mkashindwa kujua kama ni homa. Mfunue, subiri kidogo, pima kwapani. Ikiwa 37.5 au zaidi, au anakataa kunyonya, au anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea, au ana degedege, nendeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na haya kwa mama mkwe ayaseme mumeo, kwa simu, kabla mama hajapanda basi.