Fundi anataka kuziba njia ya kurudisha maji kwenye pampu ya bar 200, niruhusu?

Kijana_wa_Igombe

Wakuu habarini za mchana. Nipo Igombe, Ilemela, nasimamia yadi ndogo ya kupokea sangara, kazi yetu kubwa ni kuosha kreti, sakafu na magari ya barafu kabla mzigo haujaenda kiwandani. Siku zote tumetumia mpira wa kawaida na brashi, sasa bosi kaleta pampu ya presha ya pistoni tatu, used, kibati chake kinasoma bar 200, lita 15 kwa dakika, mota ni kilowati 7.5 ya fezi tatu.

Fundi aliyeletwa kaifunga juu ya mwamba pembeni ya maji, kama mita 6 hivi kutoka usawa wa ziwa, anataka ivute moja kwa moja kutoka ziwani. Tulivyoijaribu kidogo ukiachia bastola ya kuoshea maji yanarudi kwa pembeni kupitia kampira fulani, yeye anasema hapo ndipo presha inapotea, anataka apige plagi. Halafu anataka kusambaza kwa mabomba ya GI (yale ya chuma ya maji ya kawaida) ya nusu inchi yaliyobaki stoo, na kila pointi aweke get valvu ili tukimaliza tunafunga tu. Sefti valvu (ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi) haipo, tundu lake lipo ila limefungwa na boliti.

Mimi sio fundi ila moyo umekataa. Vijana watakaoishika hiyo bastola ni wadogo zangu wa mtaani hapa. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi maana bosi anataka ianze kazi. Nawasilisha.

Fundi_Nyakato

Ngosha usiiwashe hiyo kitu. Nasema kabisa, chomoa hata fyuzi ukae nazo mfukoni mpaka muelewane.

Hako kampira anakotaka kuziba ndio njia ya anloda. Pampu ya pistoni kila mzunguko inasukuma maji kiasi kilekile, haijali kama mbele kuna njia au hakuna, ukiachia bastola maji lazima yapate pa kwenda na anloda ndio inayoyapa njia ya kurudi kwa presha ndogo. Ukipiga plagi hapo halafu kijana akaachia bastola, mota inaendelea kusukuma na presha inapanda ndani ya sekunde, haisimami bar 200 wala 300, inapanda mpaka kitu kipasuke au mota ikwame. Kitakachopasuka ni kile dhaifu kuliko vyote, na kwenye mpango wenu ni fitingi za GI. Hizo fitingi za kawaida za maji ya nyumbani ni za bar 20 mpaka 25 hivi, we unataka kupitisha mara nane yake humo! Hiyo hata na anloda nzima ni hatari.

Fikiria hivi, bar 200 ni karibu kilo 200 kwenye kila sentimita moja ya mraba. Ile plagi ya nusu inchi anayotaka kuweka itakuwa inasukumwa na uzito wa zaidi ya kilo 500, imeshikiliwa na thredi na tepu nyeupe. Ikichomoka haidondoki chini, inaruka, na mbele yake kuna mtu.

Mambo ya lazima: anloda iachwe ifanye kazi yake, na kwenye lile tundu lenye boliti irudi sefti valvu ya kweli, tofauti na anloda, maana anloda ikikwama ndio ya mwisho kukuokoa. Unaiseti juu kidogo ya presha ya kazi ila chini ya uwezo wa kifaa dhaifu kuliko vyote kwenye laini. Kati ya pampu na sefti valvu pasiwe na valvu yoyote ya kufunga, hata moja. Na mdomo wake uelekezwe chini au urudishwe kwenye tangi, usiangalie usoni kwa watu. Kusambaza tumia mpira wa presha wenye tabaka mbili za waya, wa nusu inchi huwa umeandikwa bar 275 ubavuni, soma maandishi usiamini mdomo wa muuzaji, na ncha zake zikabanwe kwa mashine. Hosi klipu ya bisibisi hapo hapana kabisa.

Mzee_wa_Buzuruga

Mnamtisha bure kijana wa watu. Mimi nina kaoshi ya magari hapa Buzuruga mashine inapiga kazi kila siku na hayo mambo ya sefti valvu sijawahi kuyaona. Na kwenye nyumba nyingi za mlimani huku watu wanapandisha maji kwa pampu, wanafunga get valvu pampu ikiwa inaunguruma na hakuna kinachopasuka. Shida ni mafundi kutaka kuongeza vitu ili bei ipande.

Fundi_Nyakato

Mzee shikamoo. Hoja yako ina msingi ila unachanganya pampu mbili. Ile ya kupandisha maji mlimani ni ya feni, inazungusha maji kwa panga za ndani, ukiifunga mbele maji yanazunguka humohumo na presha inaishia kwenye kiwango chake, labda bar 5 au 6. Hata hiyo ukiiacha imefungwa muda mrefu maji yanachemka ndani na sili (ile ya kuzuia maji yasivuje) inakufa, ila haipasui bomba kirahisi. Ya pistoni haina kuteleza, lita 15 ni lita 15. Na mashine yako ya kuoshea magari, fungua kava uangalie, anloda imo ndani imejengwa na kichwa cha pampu, ndio maana ukiachia bastola mlio unabadilika. Hujawahi kuiona kwa sababu hakuna aliyekuja kuiziba.

Mzee_wa_Buzuruga

Marahaba. Hilo la mlio ni kweli unabadilika. Basi kama imo ndani sawa, asizibe.

Dada_Usalama

Naomba niongezee upande wa watu, maana naona tumeongelea vyuma tu. Nafanya kazi ya usalama kiwandani hapahapa Mwanza na kinachoniumiza kila mara ni vijana wanavyopima kama bomba linavuja kwa kupitisha kiganja. USIFANYE HIVYO na usiruhusu mtu afanye. Maji ya presha hiyo yakitoka kwenye kitundu kidogo kama cha sindano yanapenya ngozi, hata presha ya bar 7 tu inatosha kuingia, sembuse 200. Ukitaka kutafuta uvujaji chukua kipande cha boksi kirefu ukipitishe ukiwa mbali, umevaa miwani na glavu, na hata hapo usisogeze uso.

Kibaya zaidi ni kwamba jeraha lake halitishi. Unaona kadoa kadogo kwenye kidole, damu kidogo au hakuna, kijana anafunga kitambaa anaendelea na kazi. Ndani maji yameshachana nyama na kusafiri kwenye mkono, na hapo kwenu ni maji ya ziwa yaliyochanganyika na uchafu wa samaki, au sabuni za kuoshea. Baada ya saa chache mkono unavimba, ukichelewa kidole kinakatwa au mkono. Kwa hiyo mtu akipigwa na maji ya presha, hata kama anasema haumii, gari liwashwe muda huohuo apelekwe Bugando au hospitali yoyote yenye daktari wa upasuaji, na mkifika semeni wazi kwamba ni maji ya presha yameingia ndani, mtaje na bar zake. Mkisema "amejikata" atasafishwa kidonda na kurudishwa nyumbani.

Bastola nayo isielekezwe kwa mtu hata kwa utani, wala mtu asioshe buti zake nazo zikiwa mguuni. Hili la buti nimeliona mno kwenye sehemu za samaki, jioni kijana anataka kwenda nyumbani msafi.

Na mkitaka kufungua kitu chochote, hata kubadilisha nozo (kile kidomo cha kutolea maji): zima mota, zima mein switchi na uipige kufuli, ufunguo abaki nao yule anayefanya kazi, funga maji ya kuingilia, halafu bonyeza bastola mpaka maji yaishe nguvu na geji isome sifuri. Mota ikiwa imezimwa presha inaweza kuwa bado imebaki kwenye mpira. Watu wengi wanaumia hapo, mashine iko kimya kabisa.

Bosi akibisha mkumbushe kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, wajibu wa kulinda wafanyakazi ni wake yeye mwajiri. Waiteni OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, waje waikague kabla, sio baada ya mtu kuumia.

Kijana_wa_Igombe

Asanteni sana wakuu, na dada ubarikiwe, hilo la buti ni kweli tupu wanafanya hata na mpira wa kawaida. Bosi nimemsomea maelezo ya Fundi_Nyakato kaelewa kuhusu plagi na sefti valvu. Ila kwenye kuvuta maji bado fundi kakomaa, anasema pampu ya bar 200 itashindwaje kuvuta mita 6 tu? Na kweli tulivyoijaribu ilikuwa inapiga kelele kama ina kokoto ndani, mpira unatingishika na presha haitulii.

Maji_Kayenze

Kijana hiyo kelele ndio jibu lako. Nguvu ya kusukuma na nguvu ya kuvuta ni vitu viwili. Pampu haivuti maji hasa, inaondoa hewa kwenye bomba halafu hewa ya nje ndio inayosukuma maji yapande. Pwani kule hewa inaweza kuyapandisha mita 10 na kidogo kwa hesabu, sisi ziwa letu lipo mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, kwa hesabu unapata kama mita 9. Toa msuguano wa bomba, toa kona, toa futi valvu (ile ya mwisho wa bomba ndani ya maji), toa mahitaji ya pampu yenyewe, kwenye mita 6 huna kitu mkononi hata kwa pampu ya kawaida. Hizi za pistoni za presha kubwa ndio hazitaki kabisa kuvuta, zinataka maji yaje yenyewe. Zikikosa maji ya kutosha vinatokea vipovu ndani, vikigandamizwa vinapasuka na kula vyuma na sili, ndio hizo kokoto unazozisikia. Ukiendelea hivyo hazichukui muda mrefu.

Dawa yake sio ghali. Tafuta pampu ndogo ya kawaida ikae chini karibu na maji, ijaze simtanki, hata la lita 1,000 linatosha. Simtanki likae juu kuliko pampu ya presha, bomba la kuingilia liwe nene, inchi moja au zaidi, fupi, lisilo na kona nyingi, na lipite kwenye chujio. Kampira ka anloda kakarudishe maji ndani ya simtanki, sio kwenye bomba la kuingilia, maana maji yakizunguka palepale wakati bastola imeachiwa yanapata moto haraka na kuunguza sili. Hata hivyo kama kijana anaenda kunywa chai azime.

Chujio usilidharau. Mchanga wa Igombe unakwangua pistoni, na chembe moja ikikaa kwenye nozo presha inaruka juu ghafla. Na chini kwenye futi valvu weka kikapu cha wavu kipana, kizungushie na pipa tupu lililotobolewa kama unaweza, maana magugu maji yakisukumwa na upepo usiku asubuhi unakuta yameziba kila kitu. Huku kwetu Kayenze kuna msimu tunayatoa kila siku.

Halafu kwa kuwa mnachukua maji ya ziwa kwa biashara, kibali kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ofisi zao zipo hapa Mwanza, sheria ni ya 2009. Mkifanya mapema hamsumbuliwi.

Kijana_wa_Igombe

Simtanki lipo la lita 1,000, lilikuwa linakusanya maji ya mvua. Swali la mwisho, siku ya kuiwasha tuanzie wapi?

Fundi_Nyakato

Jumamosi isahau kwanza, nenda na vifaa. Vikishafungwa vyote, kagua mafuta ya kreki (ya kulainisha pampu) kwenye kioo chake, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, sili zimekwisha, usiwashe mpaka zibadilishwe. Belti iwe na kava. Mota iwe na arthi yake na swichi ya kukata umeme ukivuja, maana sakafu yenu ni maji matupu muda wote, na overlodi (kifaa cha kulinda mota) yenye kuhisi fezi ikikatika, umeme wa fezi mbili unaunguza mota hivihivi unaangalia.

Geji iwe ya mpaka bar 315 au 400 ili sindano isikae mwisho. Fungua maji ya simtanki, bonyeza bastola bila nozo mpaka hewa yote itoke, ndipo uwashe bastola ikiwa bado wazi. Sikiliza. Zima, weka nozo, washa tena anloda ikiwa imelegezwa, panda taratibu, bar 50, angalia viungo vyote ukiwa mbali, bar 100, angalia tena. Kiungo kikivuja usikikaze kikiwa na presha, zima kwanza kama alivyoelekeza dada. Na ole wenu mtu alete kompresa kupima mabomba kwa hewa, hewa iliyobanwa inalipuka, maji yakivuja presha inashuka mara moja. Pimeni kwa maji.

Ukifika presha ya kazi achia bastola uangalie geji: inatakiwa iruke kidogo halafu ishuke chini kabisa. Ikibaki juu, zima, anloda ina shida. Mimi siku za kazi nipo Nyakato karibu na SIDO, tuma picha ya kibati na ya lile tundu la boliti hapa, nikuambie thredi yake ni ipi usije ukanunua sefti valvu isiyoingia.