Bati linavuja, ukuta unalowa chini: nianzie wapi kabla mvua hazijakolea? (Kigoma)

Mwanga_juu
Wakuu habari. Nyumba iko Mwanga, Kigoma mjini, kwenye mteremko. Tofali za kuchoma, bati geji 30 lenye miaka 9, gata (mfereji wa kukinga maji ya bati) hakuna. Sebuleni panavuja sehemu tatu. Ukuta wa nyuma unalowa hadi kama sentimita 50 kutoka chini, plasta inabanduka. Hela ni ya kubana. Nimepanga nianze na plasta mpya na rangi ya kuzuia maji. Niko sawa?

fundi_kenchi
Hapana mkuu, plasta iwe ya mwisho. Ukifunika ukuta uliolowa, unyevu unabaki ndani ya tofali na plasta mpya itabanduka kama ile ya kwanza. Fuata maji yanakotoka, anzia juu.

Saa sita mchana funga madirisha, ingia darini, utaona vitone vya mwanga kwenye misumari. Weka alama kwa chaki. Tone linapoangukia sipo penye tundu: maji hutambaa kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kwa hiyo angalia upande wa juu zaidi. Kwa bati la umri huo mshukiwa wa kwanza ni mpira wa msumari. Jua linaukausha, unapasuka. Usiugongelee msumari uleule, tundu la mbao limeshalegea na msumari utachomoka tena. Ung'oe, weka skrubu ya bati iliyo nene kuliko msumari, juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni. Kaza mpaka mpira ubonyee kidogo. Ukiona mpira umefinyika mpaka umetokeza pembeni, umeshauua.

Panda asubuhi bati likiwa la baridi, kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, ndipo papi zilipo.

mjenzi_tu
Mbona watu wanaziba kwa saruji na maisha yanaenda?

fundi_kenchi
Yanaenda mpaka mvua ya tatu. Bati linatanuka mchana na kusinyaa usiku, saruji haifuati, inapasuka. Tena saruji mbichi inakula zinki, kutu inaanzia hapohapo. Tundu dogo lisugue kwa brashi ya waya, bandika kitambaa cha pamba kilicholoweshwa lami ya baridi, kivuke tundu sentimita 5 kila upande. Kikikauka, paka lami mara ya pili.

Isevya_TBR
Niongezee huo ukuta. Kwanza ujue ni maji gani. Kama kuna madoa ya tope na unalowa siku za mvua tu, ni mrusho wa maji ya bati, dawa ni gata. Kama hata Agosti una unyevu na chumvi nyeupe, maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Kwenye mteremko wako naona vyote viwili vinawezekana.

Shusha udongo wa nje uwe sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, uinamishe kuelekea nje, sentimita 5 kwa kila mita. Nyuma, upande wa mlimani, chimba mfereji mita 2 hivi kutoka ukutani, upana na kina sentimita 30, utoe maji pembeni. Usiyaelekeze kwa jirani, mtakutana kwa mwenyekiti wa mtaa. Plasta iliyooza kwangua yote, acha tofali wazi zikauke. Kurudishia ni ndoo 1 ya saruji kwa 5 za mchanga uliochekechwa. Ukizidisha saruji inakuwa ngumu kuliko tofali na inabanduka vipande vizima. Hiyo rangi achana nayo.

Kasulu_kwetu
Msisahau upepo. Mvua za mwanzo huku huja na kimbunga kinachoingia chini ya upenu. Pale ukingoni pigilia kila mgongo, katikati ruka mmoja mmoja. Kenchi zifungwe ukutani kwa waya. Mawe juu ya bati hayasaidii, yanatoboa tu.

Mwanga_juu
Asanteni sana. Gata niweke nyuma tu au nyumba nzima?

Isevya_TBR
Nyuma tu kwa sasa. Mwinamo sentimita 1 kwa kila mita 2, vishikizo kila sentimita 60 hadi 90, vikiwa mbali gata linapinda na maji yanasimama. Siku ukiweka tanki: bati la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 600, hesabu 480 kwa yanayopotea. Maji ya kwanza yana vumbi la kiangazi na mavi ya ndege, yasiingie tankini, mwaga kama lita 15: yaache yajaze kwanza bomba la inchi 4 lenye urefu wa karibu mita 2 lililozibwa chini. Tanki la lita 2,000 likijaa ni tani 2, usilikalishe juu ya mbao wala udongo uliojazwa juzi.