Fremu ya chuma ya zamani pale Mwanjelwa, Mbeya, niichukue?

Wadau, nimekuta fremu ya mtumba ya baiskeli ya milimani, tairi 26, ina stika ya Tange, rangi imebanduka na jamaa anataka 90,000. Nakaa Uyole, milima yetu mnaijua. Nikague nini?

— Mkuu, Tange ni mabomba ya fremu ya Japani, kama ni ya kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni) ni mepesi na imara kuliko chuma cha kawaida. Pitisha kidole upande wa chini wa bomba la chini la fremu, pale karibu na usukani, ukihisi rangi imejikunja hiyo iligonga kitu, iache kabisa.

— Kiti kinachomoka? Changu kiliganda na kutu, fundi akakata na msumeno siku nzima, iliniuma sana.

— Kimechomoka, kutu kidogo tu. Kashuka 75, nimebeba!